Timu kama Mmiliki wa Alama: Historia ya Kuunda Upya Timu na Kupanga Wapinzani katika Ulingo wa World of Warcraft, 2007–2022

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kanuni moja katika mchezo wa mtandaoni wa World of Warcraft: kanuni inayoamua ni nani anayebeba alama za ushindani, timu au mchezaji mmoja mmoja. Mwaka 2007 alama zilikuwa mali ya timu iliyosajiliwa kwa hati. Kufikia mwaka 2013 timu ilifutwa kabisa, na alama zikabaki kwa mtu binafsi. Makala yanaonesha kwamba mabadiliko hayo hayakutokana na maendeleo ya hisabati ya upimaji pekee. Yalikuwa majibu ya hatua kwa hatua kwa tabia mbili za wachezaji: kuvunja na kuunda upya timu ili kufuta rekodi mbaya, na kuuza nafasi katika timu zenye alama za juu. Hoja kuu ni kwamba kila suluhisho lilihamisha tatizo badala ya kulimaliza, na kwamba historia hii ina funzo kwa watunga sera wanaobuni mifumo ya kupima utendaji wa vikundi.

1. Utangulizi

Tafiti za kihistoria kuhusu michezo ya kidijitali kwa lugha ya Kiswahili bado ni chache. Sababu moja ni dhana iliyoenea kwamba michezo ya aina hii ni burudani ya vijana isiyo na uzito wa kitaaluma. Makala haya yana mtazamo tofauti. Mchezo wa ushindani unaochezwa na mamilioni ya watu kupitia seva za kampuni moja ni taasisi yenye kanuni, adhabu, malipo na njia za kukwepa kanuni. Kinachoutofautisha na taasisi nyingine ni kwamba kanuni zake hubadilishwa kwa siku moja, na athari zake huonekana ndani ya majuma machache. Kwa mwanahistoria wa taasisi, huo ni uwanja wenye mavuno mengi.

Istilahi chache zinahitaji kufafanuliwa mapema. Alama ya uwezo ni namba inayokadiria uwezo wa mshindani kutokana na matokeo ya mechi zake zilizopita. Upangaji wa wapinzani ni kazi inayofanywa na programu ya kuteua nani akutane na nani, kwa kawaida kwa kutumia alama hiyo. Ulingo ni uwanja mdogo ambamo timu mbili zenye idadi sawa ya wachezaji hupambana. Kuunda upya timu ni kitendo cha kuvunja timu iliyopo na kusajili nyingine, aghalabu kwa watu walewale, ili kuanza na rekodi safi.

Makala yana sehemu sita. Baada ya utangulizi huu, sehemu ya pili inaeleza chimbuko la alama za uwezo katika sataranji. Sehemu ya tatu inachambua mfumo wa ulingo wa mwaka 2007 na kasoro zake. Sehemu ya nne inafuatilia marekebisho hadi mwaka 2022. Sehemu ya tano inalinganisha na michezo mingine, na ya sita inatoa mahitimisho kwa watunga sera.

2. Chimbuko: alama ya mtu mmoja

Mfumo wa alama unaotumika katika michezo mingi ya mtandaoni una asili yake katika sataranji. Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Marekani na kufundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette mjini Milwaukee, alibuni kanuni iliyochukua nafasi ya mfumo wa awali wa Kenneth Harkness. Shirikisho la sataranji la Marekani liliikubali mwaka 1960, na shirikisho la kimataifa, FIDE, likafuata mwaka 1970.

Msingi wa kanuni ya Elo ni rahisi kueleza. Tofauti ya alama kati ya washindani wawili inatabiri matokeo. Wakilingana, kila mmoja anatarajiwa kupata nusu ya ushindi. Mmoja akimzidi mwenzake kwa alama 200, anatarajiwa kupata takriban 0.76 ya pointi katika kila mchezo. Akimzidi kwa 400, takriban 0.91. Baada ya mchezo, aliyefanya vizuri kuliko ilivyotarajiwa huongezewa alama, na kiasi hichohicho hupunguzwa kwa mpinzani wake pale wote wawili wanapotumia kizidisho kimoja. Kwa hiyo, katika kundi lililofungwa, alama hazizaliwi wala hazifi. Zinahama tu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Mambo mawili katika urithi huu yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, mshindani wa Elo ni mtu mmoja mwenye jina, anayecheza miaka mingi na ambaye hawezi kujivunja na kujisajili upya. Pili, utaratibu wa kuhakikisha kwamba mtu ni yuleyule haukuwa ndani ya hisabati. Ulikuwa kazi ya shirikisho, katibu wa mashindano na daftari la wanachama. Michezo ya mtandaoni ilipochukua hisabati hiyo haikuchukua daftari, na hapo ndipo historia yetu inapoanzia.

3. Hati ya timu, 2007–2008

World of Warcraft ulitolewa na kampuni ya Blizzard Entertainment ya California mwezi Novemba 2004. Ushindani wa ulingo uliingizwa na nyongeza iliyoitwa The Burning Crusade, mwezi Januari 2007. Kulikuwa na ngazi tatu: wawili kwa wawili, watatu kwa watatu, na watano kwa watano. Ili kushiriki, mchezaji alinunua hati ya timu kwa dhahabu ya mchezoni, akaipa jina, akatafuta saini za wenzake na kuisajili. Orodha ya timu iliweza kuwa na watu mara mbili ya wanaohitajika ulingoni: timu ya wawili ilisajili hadi wanne, ya watatu hadi sita, na ya watano hadi kumi. Nahodha alikuwa na mamlaka ya kualika na kufukuza.

Timu mpya ilianza na alama 1500. Alama hizo zilipanda na kushuka kwa mtindo wa Elo, na zilikuwa za timu. Kila juma mfumo ulitazama alama hizo na kutoa posho ya pointi ambazo wachezaji walinunulia silaha na mavazi ya vita. Ili timu istahili posho ilipaswa kucheza angalau mechi 10 kwa wiki, na mwanachama alipaswa kushiriki angalau asilimia 30 ya mechi za timu yake. Kwa timu iliyocheza mechi 10 tu, hiyo ilikuwa mechi tatu.

Mantiki ya mpango huu ilifanana na ile ya klabu ya mpira wa miguu. Klabu ni nafsi inayodumu ilhali wachezaji wanakuja na kuondoka; pointi za ligi ni za klabu. Hata hivyo, ulinganifu huo haukukamilika. Klabu za mpira hazisajili mchezaji siku yoyote zinayotaka. FIFA ilikwisha kulazimisha vipindi maalumu vya usajili kuanzia msimu wa 2002/03, na mshabiki yeyote wa eneo letu anajua maana ya dirisha la usajili kufungwa. Tena klabu inayoshika mkia haiwezi kujivunja Jumatatu na kurudi Jumanne na pointi za katikati ya msimamo. Ulingo wa mwaka 2007 ulikuwa na klabu lakini haukuwa na dirisha. Matokeo yake yalikuwa tabia mbili.

Tabia ya kwanza ni kuunda upya timu. Timu iliyoshuka chini ya 1500 haikuwa na sababu ya kuendelea kuwapo. Gharama ya hati mpya ilikuwa ndogo kuliko taabu ya kupanda tena kutoka 1400. Hapa hisabati ya Elo inajibu kwa namna ambayo wabunifu wangepaswa kuitarajia. Chukua timu kumi zinazoanza na 1500 kila moja. Jumla ni alama 15,000. Baada ya muda, tano zina 1600 na tano zina 1400; jumla bado ni 15,000. Zile tano dhaifu zikijivunja na kusajiliwa upya, jumla inakuwa 15,500, na wastani unapanda hadi 1550. Hakuna timu iliyoongeza ustadi, lakini alama zimeongezeka. Huu ni mfumuko wa alama, na chanzo chake kinafanana na cha mfumuko wa bei: kitu kinachodai kuwa na thamani kimetolewa bila jasho linalolingana nacho.

Kuunda upya timu kulikuwa pia na sura nyingine, yenye madhara makubwa zaidi kwa wageni. Wachezaji wenye uwezo wa alama 2000 wangeweza kuanzisha timu mpya kwa ajili ya mazoezi, kwa ajili ya rafiki, au baada ya kuuza ile ya zamani. Timu hiyo ingeanza na 1500 na kupangiwa wapinzani wa 1500. Kwa kanuni ya Elo, tofauti ya alama 500 inampa mwenye nguvu matarajio ya takriban 0.95. Mgeni aliyesajili timu yake ya kwanza alikuwa akipangiwa, bila kujua, mechi ambayo ilikwisha kuamuliwa. Mfumo ulimwambia kwamba amekutana na aliye sawa naye.

Tabia ya pili ni biashara ya nafasi. Kwa kuwa posho ilifuata alama za timu, mtu angeweza kuingia katika timu iliyokwisha kupanda, akacheza mechi tatu kati ya kumi, na kupokea malipo ya kazi iliyofanywa na wengine. Nafasi hizo zikawa na bei. Nahodha, ambaye kanuni ilimtazama kama mlezi wa kikundi, akawa na uwezo wa kuwa dalali wake.

Ni muhimu kusisitiza kwamba tabia hizi hazikuhitaji mtu kuvunja kanuni. Wachezaji walifuata kanuni kama zilivyoandikwa. Kasoro ilikuwa katika pengo kati ya nafsi ya kisheria iliyobeba alama na watu wenye ustadi ambao alama hizo zilidai kuwawakilisha.

4. Kutoka timu kwenda kwa mtu, 2007–2022

4.1 Alama binafsi

Hatua ya kwanza ya marekebisho ilikuwa kuongeza alama ya mtu binafsi kando ya alama ya timu. Katika msimu wa tatu wa ulingo, ulioanza mwishoni mwa Novemba 2007, baadhi ya zana bora ziliwekewa masharti ya alama: silaha zilihitaji 1850 na mavazi ya mabegani 2000. Aliyenunua nafasi katika timu ya juu alilazimika kwanza kujenga alama zake. Aidha, mwanachama ambaye alama zake binafsi zilikuwa chini ya zile za timu kwa zaidi ya 150 alikokotolewa posho kwa alama zake mwenyewe.

Hatua hii ilipunguza faida ya kununua nafasi, ingawa haikuiondoa. Mnunuzi mwenye subira aliweza kubebwa na wenzake hadi alama zake zipande. Muhimu zaidi kihistoria, kwa mara ya kwanza mfumo ulikiri kwamba timu na mtu ni vitu viwili. Kukiri huko kulifungua njia ya yote yaliyofuata.

4.2 Alama iliyofichwa

Hatua ya pili ilikuja na nyongeza ya Wrath of the Lich King, iliyotoka Novemba 2008. Upangaji wa wapinzani ulitenganishwa na alama inayoonekana. Kila mchezaji alipewa alama ya ndani kwa ajili ya kupangiwa wapinzani, na wastani wa wachezaji walioingia ulingoni ndio ulioamua wakutane na nani. Alama ya timu iliendelea kuonekana na kuleta tuzo, lakini ilikuwa ikisogea kuelekea ile iliyofichwa. Katika kipindi hichohicho timu mpya zikaacha kuanza na 1500. Zikaanza na sifuri.

Kwa mtazamo wa ufundi, mabadiliko haya mawili yalikuwa jibu makini. Kuunda upya timu sasa kulimrudisha mtu kwenye sifuri badala ya kumpandisha hadi 1500, na hakukumfanya akutane na wapinzani dhaifu, kwa kuwa historia yake ilimfuata. Mfumuko ulioelezwa katika sehemu ya tatu ulipoteza chemchemi yake kuu.

Kwa mtazamo wa utawala, gharama ilikuwa ya aina nyingine. Kabla ya hapo, mchezaji aliyeshindwa aliweza kuona alama za pande mbili na kukadiria kama mechi ilikuwa ya haki. Sasa namba iliyoamua hatima yake haikuwa ile aliyooneshwa kama mafanikio yake. Zikawapo namba mbili, moja ya kupima na nyingine ya kutuza, na uhusiano kati yake ulieleweka na wachache. Palipo na namba ya siri huzuka nadharia za siri. Mchezaji anayeshindwa mfululizo huanza kuamini kwamba amepangiwa ashindwe, na mfumo hauna namna ya kumwonesha vinginevyo bila kufichua kile uliochagua kukificha.

4.3 Kufutwa kwa timu

Hatua ya tatu ilikamilika kwa toleo la 5.4, mwezi Septemba 2013. Timu za ulingo zilifutwa. Hati, jina, orodha na nahodha vikaondoka pamoja. Kuanzia hapo mchezaji aliungana na yeyote aliyepatikana, hata kutoka seva nyingine, na kila mmoja akabeba alama zake kwa kila ngazi.

Sababu za kufanya hivyo zinaeleweka. Hadi wakati huo timu ilipaswa kuwa ya watu wa seva moja. Seva iliyopungukiwa na wachezaji iliwaacha wenye ari bila wenzao wa kuunda nao timu. Rafiki alipoacha mchezo, timu nzima ilikufa naye. Kumfanya mtu kuwa mbebaji pekee wa alama kuliondoa vikwazo hivi vyote, na pia kuliondoa swali la kuunda upya timu, kwa kuwa hakukuwa tena na timu ya kuundwa.

Hata hivyo, kilichopotea kinastahili kuandikwa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Timu ya seva moja ilikuwa na kwao: jina lake lilijulikana sokoni na njiani, wapinzani wake walikuwa majirani, na aliyemtelekeza mwenzake katikati ya msimu alibaki akiishi miongoni mwa walioshuhudia. Sifa ilifanya kazi ambayo kanuni haikuifanya. Timu ilipofutwa na mipaka ya seva kufunguliwa, ushirikiano ukawa wa mkataba mfupi. Mtu anayecheza na mgeni kwa mechi nne hana sababu ya kumfundisha. Akishindwa mara mbili, ni nafuu zaidi kutafuta mwingine. Kwa maneno mengine, kuunda upya timu hakukukoma mwaka 2013. Kulikuwa kitendo cha wiki, kikawa kitendo cha dakika, na kwa kuwa hakukuhitaji tena hati, hakukuacha alama yoyote katika kumbukumbu.

Ngazi ya watano kwa watano ilikuwa ya kwanza kuathirika na ukosefu wa vikundi vya kudumu. Tayari ilikuwa ngumu kuiandaa, maana kuwakusanya watu watano kwa wakati mmoja ni kazi ya kijamii kabla ya kuwa ya ustadi. Iliondolewa katika ushindani wa alama nyongeza ya Legion ilipokuja mwaka 2016.

4.4 Mzunguko wa watu sita

Hatua ya mwisho tunayoichunguza ni ile ya ulingo wa mtu peke yake, ulioingizwa kwa majaribio mwaka 2022 na kupewa alama rasmi pamoja na nyongeza ya Dragonflight mwezi Novemba mwaka huohuo. Mchezaji hujiunga na foleni peke yake. Programu huwakusanya watu sita: waganga wawili na wapiganaji wanne. Wanacheza raundi sita za watatu kwa watatu, na kila raundi timu hupangwa upya. Waganga hawakai upande mmoja kamwe. Wapiganaji wanne wanaweza kugawanywa kwa jozi sita tofauti kwa mganga mmoja, na hiyo ndiyo asili ya raundi sita. Kila mpiganaji huwa upande wa kila mganga mara tatu, na upande wa kila mpiganaji mwenzake mara mbili.

Kwa mtafiti wa upimaji, huu ni ubunifu wa kuvutia. Swali gumu la timu, yaani nani alistahili sifa na nani alistahili lawama, linajibiwa kwa kubadilisha wenza hadi tofauti zao zijifute zenyewe. Anayeshinda raundi tano kati ya sita hawezi kusemwa kwamba alibebwa. Kuunda upya timu, kulikoanza kama ujanja wa wachezaji dhidi ya mfumo, sasa kumekuwa utaratibu wa mfumo wenyewe.

Lakini mzunguko huu ulionesha kikwazo ambacho hisabati haikitatui. Kwa kila mechi panahitajika mganga mmoja kwa wapiganaji wawili, na waganga walio tayari kujiunga na foleni walikuwa wachache. Wapiganaji walisubiri kwa muda mrefu. Katika timu ya kudumu, mganga alikuwa na wenzake waliomthamini. Katika mzunguko, anaingia na wageni watano na kulaumiwa na wanne kati yao kwa zamu. Mfumo uliofanikiwa kupima mchango wa kila mtu ulipunguza hamu ya watu kufanya kazi ambayo thamani yake huonekana kwa wenzao kuliko kwa namba.

5. Njia nyingine zilizochukuliwa

Je, safari hii kutoka timu kwenda kwa mtu ilikuwa lazima? Ulinganisho na michezo mingine unaonesha kwamba haikuwa.

Blizzard yenyewe ilikwisha kutumia jibu tofauti. Katika Warcraft III, uliotolewa mwaka 2002, timu zilizopangwa na wachezaji zilitenganishwa na timu zilizokusanywa na mfumo. Kila mchanganyiko wa watu ulihesabiwa kuwa timu yake yenyewe, na StarCraft II wa mwaka 2010 uliendeleza utaratibu huo. Amina na Juma ni timu moja. Amina na Rehema ni nyingine, yenye rekodi yake. Hapa timu haiwezi kuuzwa, kwa kuwa kubadilisha mtu mmoja ni kubadilisha timu. Udhaifu wake ni kwamba rekodi hutawanyika: mwenye marafiki wengi ana timu nyingi, na kila moja ina mechi chache mno za kumpima kwa uhakika.

Jibu la pili lilitoka kwa watafiti wa Microsoft mjini Cambridge, Uingereza. Mfumo wao wa TrueSkill, uliofanya kazi na Xbox 360 tangu ilipotolewa Novemba 2005 na kuelezwa kitaaluma na Ralf Herbrich, Tom Minka na Thore Graepel mwaka 2006, ulichukulia uwezo wa timu kuwa jumla ya uwezo wa wanachama wake. Kila mchezaji hupewa namba mbili: makadirio ya uwezo na kiwango cha shaka kuhusu makadirio hayo. Mgeni huanza na 25 na shaka kubwa. Kadiri anavyocheza, shaka hupungua. Ubora wake ni kwamba unakiri kutojua. Udhaifu wake wa kinadharia ni dhana ya jumla: watu wawili waliozoeana hawahesabiwi kuwa zaidi ya wawili.

Jibu la tatu ni la League of Legends wa kampuni ya Riot Games, uliotolewa Oktoba 2009. Kwa miaka kadhaa ulikuwa na foleni ya mtu peke yake au wawili, na pembeni yake timu za kudumu zenye alama zake. Mwaka 2016 kampuni iliunganisha vyote katika foleni moja iliyokubali vikundi vya ukubwa mbalimbali. Nia ilikuwa kuwawezesha marafiki kucheza pamoja. Malalamiko yalikuwa makubwa: waliocheza peke yao walisema hawawezi kulinganishwa na walioingia kwa vikundi, na wale wa ngazi ya juu walisema alama zimepoteza maana. Msimu wa 2017 ulipoanza foleni ya mtu peke yake au wawili ilirejeshwa, na vikundi vikapewa foleni yao. Timu za kudumu zenye hati hazikurudi katika mpangilio huo.

Kisa hiki kinathibitisha jambo moja: wachezaji walikubali kupimwa peke yao na walikubali kupimwa kama kikundi. Walichokataa ni alama moja iliyodai kupima vyote viwili kwa wakati mmoja.

Njia ambayo haikujaribiwa ulingoni ni ile ya mpira wa miguu: kuacha alama kwa timu lakini kufunga dirisha la usajili kwa msimu. Tafsiri ya makala haya ni kwamba sababu zilikuwa za kibiashara zaidi ya kiufundi. Mteja anayelipa ada ya kila mwezi anatarajia kucheza leo, hata kama mwenzake amesafiri. Dirisha linalofungwa humnyima huduma aliyoilipia. Kanuni za ushindani katika mchezo wa kampuni huandikwa na mwenye duka, na zinabeba haja za duka.

6. Mahitimisho kwa watunga sera

Umuhimu wa historia hii unavuka mipaka ya michezo. Serikali na mashirika ya ukanda wetu yanazidi kutumia alama kupima vikundi: shule, vituo vya afya, vikundi vya mikopo, halmashauri. Swali la mbebaji wa alama lipo katika kila moja ya mifumo hiyo.

Upangaji wa shule kwa matokeo ya mitihani ya kitaifa ni mfano ulio karibu. Kenya ilitangaza kuacha kupanga shule na watahiniwa mwaka 2014. Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza mwezi Januari 2023 kuacha kutaja shule na watahiniwa bora. Sababu za maamuzi hayo ni zaidi ya moja, lakini muundo wake unajulikana kwa aliyesoma sehemu ya tatu ya makala haya. Shule inapobeba alama za wastani, mwanafunzi dhaifu anakuwa mzigo wa timu, na njia ya mkato ya kupandisha wastani ni kuunda upya orodha: kumkaririsha, kumhamisha, au kumsajili kwingine. Wastani unapanda bila yeyote kufundishwa zaidi. Kumfanya mwanafunzi kuwa mbebaji pekee wa alama kunaondoa kishawishi hicho, lakini kunaficha swali la haki la mzazi na mlipakodi: je, shule hii inafundisha?

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza maswali matatu ya kuulizwa kabla ya mfumo wowote wa alama za vikundi kuanza kutumika.

Kwanza, je, mbebaji wa alama anaweza kujivunja na kuzaliwa upya, na kwa gharama gani? Gharama hiyo ikiwa ndogo kuliko hasara ya alama mbaya, atazaliwa upya, na alama zitafura. Kinga inaweza kuwa dirisha la usajili, historia inayomfuata mwanachama, au kuanzia chini. Kila moja ina bei yake, na bei hiyo ijulikane mapema.

Pili, je, namba inayoamua ni ileile inayooneshwa? Zikitofautiana, anayepimwa apewe maelezo ya uhusiano wake na njia ya kuhoji. Uzoefu wa baada ya mwaka 2008 unaonesha kwamba siri inaweza kuzuia ujanja, lakini inakula imani.

Tatu, ni kazi gani ndani ya kikundi ambayo alama ya mtu mmoja haitaiona? Mganga wa ulingoni ana wenzake katika kila ofisi na kila darasa: anayefundisha wageni, anayesuluhisha, anayebaki nyuma kusaidia. Mfumo ukimpima kila mtu peke yake, kazi hiyo hupungua taratibu, na upungufu wake huonekana kwanza kama foleni ndefu ambayo hakuna anayeweza kueleza sababu yake.

Kati ya mwaka 2007 na 2022 wabunifu wa mchezo mmoja walijibu swali la kwanza kwa ustadi mkubwa, wakaliacha la pili nusu njia, na kukutana na la tatu wakati timu zilikwisha kufutwa. Sisi tunaobuni mifumo ya kupima watu ambao hawawezi kuuzima mchezo na kwenda kulala hatuna nafasi ya kuyauliza maswali hayo kwa mpangilio huo.